Kabla ya Kupiga Windows

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, miaka 9 tu tangu ile ya kwanza ifungwe Wizara ya Fedha. Marufuku ilipolegezwa miaka ya 1980 mashine zilirudi kidogo kidogo, na baadaye zikaja kwa makontena, nyingi zikiwa za mtumba. Sisi tuliojifunzia ufundi Kariakoo tulizipokea na maradhi ya ofisi zilikotoka: kibodi iliyonyweshwa kahawa, mausi ambayo mpira wake umejaa uchafu, printa yenye waya uliokatika ndani kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi wa wakati ule lilikuwa: kimechomekwa nini?

Swali hilo lina asili yake. IBM PC ya mwaka 1981 ilitenga nafasi ndogo kwenye kumbukumbu ya kuhifadhi herufi 15 zilizobonyezwa zikisubiri kusomwa. Nafasi ikijaa, mashine inalia. Kitufe kimoja kikinasa, herufi zinajaa kufumba na kufumbua, basi ni pi-pi-pi mfululizo. Mteja analalamika kwamba kompyuta inalia. Fundi anageuza kibodi na kuikung'uta. Mashine zilizofuata zilirithi vituko vya aina hiyo. Delete ikinasa wakati wa kuwasha, nyingi zinakimbilia zenyewe kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine. F8 ikinasa, Windows za zamani hazifunguki kawaida. Mwenye mashine ataapa kwamba ina virusi.

Kilichotufunza subira hasa ni modemu. Kila kifaa kilihitaji njia yake ya kuishtua CPU, ubongo wa kompyuta, ili kihudumiwe, na njia zilikuwa haba: 8 kwenye PC ya mwanzo, 15 za kutumika kuanzia ile AT ya mwaka 1984. Tena milango ya COM1 na COM3 ilichangia njia namba 4, na COM2 na COM4 ikachangia namba 3. Ukiweka mausi COM1 na kadi ya modemu COM3, utafanya kazi vizuri asubuhi nzima, mpaka mtu apige simu ya intaneti. Modemu inaanza kulia, na mshale unaganda pale pale ulipo. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anafungua boksi, anachomoa kadi, anahamisha jampa, kile kikofia kidogo cha plastiki kinachounganisha pini mbili, kisha anarudisha. Akiniona nimeshika CD ya Windows ananiambia, "Weka chini hiyo, mwanangu. Chomoa kwanza."

Halafu ikaja USB, toleo la kwanza Januari 1996. Ilitupunguzia jampa na namba za njia, na kwa hilo naishukuru kwa dhati. Lakini Aprili 1998, huko Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani wakati Chris Capossela wa Microsoft akionyesha Windows 98. Capossela alichomeka skana kwenye USB, skrini ikageuka bluu mbele ya umati. Wengi wanaikumbuka siku ile kama aibu ya Windows. Mimi naikumbuka kwa ile skana: mashine iliyokuwa nzima dakika moja nyuma imeanguka kwa sababu ya kitu kilichochomekwa tu.

Umeme nao ulileta mambo yake. Mlango wa USB 2.0 hutoa miliampia 500, basi. Waya ukichubuka na nyuzi zikagusana, au pini ya mlango ikipinda, kuna madabodi zinazoandika onyo kwamba kifaa kinavuta umeme kupita kiasi na kujizima baada ya sekunde 15. Ukichomoa flashi mbovu, mashine inawaka kama kawaida. Asiyejua hilo ananunua madabodi nyingine, na inauma sana kuona mtu analipishwa madabodi kwa kosa la flashi.

Kupachika Windows upya kulipokuwa rahisi, ufundi wetu uliingiwa na uvivu. Dawa ya kila ugonjwa ikawa kupiga Windows. Dada mmoja mwenye steshenari aliniletea mashine iliyokuwa inafuta maneno huku yeye akichapa. Alikuwa ameshapigiwa Windows kwingine, na barua za wateja wake zimepotea zote. Nilichomoa kibodi, nikaweka nyingine, ugonjwa ukaisha. Ile yake nikaifungua: karatasi mbili za plastiki zilizochorwa mistari ya umeme, na katikati yake, chini ya Backspace, chai ya sukari iliyokauka na kugandisha karatasi hizo pamoja. Niliziosha kwa maji ya uvuguvugu, nikazipangusa kwa spiriti, nikazianika kivulini.

"Kwa hiyo barua zangu hazikuwa na kosa, fundi?" akaniuliza. Hazikuwa na kosa lolote.

Vijana ninaowafundisha sasa nawaambia wachomoe kila kitu, wabakize umeme na monita, kisha warudishe kimoja kimoja wakiangalia. Siku hizi hata hivyo haitoshi, maana kuna kibodi zisizo na waya. Mtu anaweza kuisahau kibodi ikiwa imewashwa ndani ya begi, vitabu vikakandamiza vitufe, na kompyuta iliyo mezani ikajaza ukurasa mzima kwa herufi moja. Kwa hiyo tunachomoa na kile kipokezi kidogo cha nyuma, tunazima Bluetooth, na tunamuuliza mteja kama kuna kifaa alichokiacha nyumbani.