Maji Hufuata Mkondo

Msomaji, wazee wetu husema kwamba maji hufuata mkondo. Hunena hivyo wamwonapo mtoto aliyefanana na baba yake kwa uso, au na nyanya yake kwa sauti. Lakini je, umepata kujiuliza mkondo wenyewe wapita wapi? Habari nitakayokusimulia ni ya maradhi ya chembe mundu, yajulikanayo sana pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Na sehemu kubwa ya siri yake iligunduliwa papa hapa Afrika ya Mashariki.

Huenda umemwona mtoto mwenye maradhi hayo. Damu humpungua, macho humgeuka manjano, na mara kwa mara hushikwa na maumivu makali ya mifupa. Mwaka 1910 James Herrick, tabibu wa Chicago, alitangaza habari za kijana mmoja aliyetoka kisiwa cha Grenada. Katika damu ya kijana huyo, iliyotazamwa kwa hadubini, baadhi ya chembe nyekundu hazikuwa za mviringo kama ilivyo desturi, bali zilipindika mfano wa mundu. Kwetu sisi, ambako maradhi yalikuwapo tangu kale, wengi walitafuta sababu penginepo. Walisema mtoto amerogwa, au mama yake ana mkosi. Na mama aliyekwisha kuzika watoto wawili watatu aliweza kurudishwa kwao kwa aibu.

Ili tuone kosa la hukumu hiyo, yatupasa kwanza kuingia bustanini. Mtawa Gregor Mendel, wa mji wa Brno ambao leo umo katika nchi ya Cheki, alichanganya njegere laini na njegere zenye makunyanzi. Kizazi cha kwanza kilikuwa laini chote. Katika kizazi cha pili alihesabu mbegu laini 5,474 na zenye makunyanzi 1,850, yaani kadiri ya tatu kwa moja. Akafahamu kwamba kila sifa huletwa na vitu viwili, kimoja kutoka kwa kila mzazi, na kwamba kimoja chaweza kukificha kingine. Aliyaandika hayo mwaka 1866, wala hayakutiliwa maanani hata mwaka 1900, naye alikwisha kufa. Vitu hivyo leo twaviita jeni.

Ndivyo ilivyo kwa mwanadamu pia. Yai la mama huchukua kromosomu 23, na mbegu ya baba 23. Zikutanapo, mimba hutungwa yenye kromosomu 46. Mtu mwenye jeni moja ya mundu na moja ya kawaida kwa kawaida haugui. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Usidhani kwamba akizaliwa mmoja mgonjwa, watatu wafuatao wamesalimika; kila mimba hupigiwa kura yake upya.

Hapo lilizuka swali gumu. Charles Darwin alieleza katika mwaka 1859 kwamba viumbe wenye sifa ziwafaazo mahali wanapoishi ndio huishi na kuacha wazao wengi. Ikiwa watoto wagonjwa walikufa wadogo, mbona jeni hii haikutoweka?

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alipima damu za watu wa nchi hii. Pwani na karibu na Ziwa Victoria aliwakuta wenye jeni ya mundu zaidi ya 20 katika kila watu 100. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Yeye akakumbuka mbu. Kule kwenye joto malaria ni nyingi, na huku kwenye baridi ni haba. Baadaye alipima watoto 290 wa Uganda. Miongoni mwa 43 waliokuwa na jeni ya mundu, 12 walikutwa na vijidudu vya malaria. Miongoni mwa 247 wasiokuwa nayo, 113. Mwaka 1954 alitangaza kwamba jeni moja ya mundu humkinga mtoto na malaria kali, ijapokuwa si kinga kamili. Jeni mbili humletea maradhi. Hivyo malaria yenyewe ndiyo iliyoihifadhi jeni hii katika damu ya babu zetu, kizazi baada ya kizazi.

Basi, msomaji, yapime upya maneno yale ya mkosi. Mtoto mgonjwa amepokea jeni moja kwa mama na moja kwa baba; amwondoaye mama nyumbani ameondoa nusu tu ya sababu, na nusu ya pili imebaki imeketi kitini. Wala baba naye hana hatia, kwani hakuna aliyechagua alichorithi. Siku yaja utakapotafuta mchumba. Nendeni nyote wawili mkapimwe damu, mpate kujua mapema. Na ukisikia jirani akimnong'ona mama aliyefiwa, mweleze habari hii kwa upole, kama nilivyokueleza wewe.