Ile "kolibri" kubwa ya milima yetu ni chozi: namna ya kumtambua

Asubuhi, jua likiwa bado haijakuwa kali, angalieni ua la mgomba. Iko ndege mweusi, mdomo mrefu uliopindika, mkia wenye manyoya mawili marefu, amejishika pale anafyonza. Waliosoma kwa Kifaransa watakuambia: kolibri. Hapana. Kolibri hawako Afrika hata mmoja, wote ni wa Amerika. Hata yule mkubwa kuliko wote, wa sentimita 23 hivi, anaishi kwenye milima ya Andes, kule Peru na Chile. Wa kwetu ni chozi, kwa Kifaransa souimanga. Wanafanana sababu kazi yao ni moja, kunywa maji matamu ya maua, lakini si ndugu. Kolibri anakunywa akielea hewani. Chozi anaweza kuelea kidogo, ila anapenda kutua kwanza.

Huyu wa migomba tumuite chozi wa shaba. Kwenye kivuli ni mweusi tii. Jua likimpiga, kichwa kinatoa kijani na mgongo unang'aa kama shaba. Dume anapita sentimita 20, ukihesabu na mkia. Anaishi vizuri karibu na watu, na anafukuza wenzake kwenye maua yake siku nzima.

Je, analeta ugonjwa wa ndizi? Swali hilo si la kuchezea kwetu, maana mnyauko wa migomba kwa Kongo ulionekana kwanza hapa Masisi, mwaka 2001. Wanaoubeba zaidi ni wadudu wanaotembelea ua dume, lile la chini ya mkungu, pamoja na visu na panga zetu wenyewe. Ndege pia wanashukiwa. Lakini kumpiga chozi kwa manati hakusaidii kitu, nyuki watabaki. Vunja lile ua kwa mti wenye panda, si kwa kisu, mara tu kichana cha mwisho kikitoka. Chozi atakwenda kwa maua mengine.

Kwenye malisho ya juu iko mwingine, kijani mwili mzima, na kidoa cha njano kila upande wa kifua. Huyu anadanganya watu: wakati wa kuzaa ukipita, dume anavua ile kijani na kuvaa kahawia, anabaki na mabaka tu. Utafikiri amehama, kumbe iko palepale.

Kidoa kikiwa chekundu, basi umepanda sana. Yule ni wa Mikeno na Karisimbi, juu ya mita 3,000, kwenye lobelia kubwa.

Majike njo kazi ngumu. Wote ni wadogo kuliko dume, mkia mfupi, rangi ya majani makavu. Jike wa shaba ana tumbo la njano lenye mistari. Wa kijani mistari yake haionekani sana. Mimi naangalia dume aliye karibu. Jike ndiye anajenga kiota: kifuko cha majani kinachoning'inia, kimefungwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni. Makinda anawaletea wadudu na buibui.

Anayetupa wasiwasi ni wa nne, wa kifua cha zambarau. Yeye hana haja na bustani. Ni wa pori la mlima tu, huku mashariki ya Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda, na anafuata sana mti mmoja, simfonia, wenye maua mekundu. Chozi wa shaba, ukikata pori ukapanda migomba, anakuja. Huyu wa zambarau anaondoka. Na Masisi pori kubwa lilishakuwa malisho, mengine makala. Kwa Kahuzi-Biega bado yuko. Ukimwona upande wetu, tuambie alikuwa kwenye mti gani.