Somo la Historia na nafasi ya Nassa darasani

Mtaala ulioboreshwa wa elimu ya msingi, ulioanza kutumika Januari 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwanafunzi hulianza darasa la tatu na kuendelea nalo sekondari kama somo la lazima, tena kwa Kiswahili. Chimbuko lake la karibu ni agizo la Rais John Magufuli, aliyetaka mwishoni mwa 2020 historia ya nchi ifundishwe kwa kila mwanafunzi. Lakini mvutano kuhusu historia ipi mtoto wa Tanzania afundishwe ni mkongwe kuliko taifa lenyewe.

Wakati wa ukoloni shule hazikuwa na haja na simulizi za wenyeji. Nassa, Usukumani, kando ya Ghuba ya Speke, ilipata wamisionari wa shirika la CMS kabla karne ya 19 haijaisha. Mwaka 1909 kituo hicho kikakabidhiwa Africa Inland Mission, mzazi wa kanisa la AICT la leo. Mtoto alifundishwa kusoma ili aisome Biblia. Waliofika shule za juu walikutana na historia ya Uingereza na dola yake, na mitihani ilitungwa Cambridge.

Baada ya uhuru kazi ilianzia chuo kikuu. Idara ya Historia ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1964, iliyapa masimulizi ya wazee hadhi ya ushahidi, na mwaka 1969 kikachapwa kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Kabla ya hapo, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliotaka shule ifungamane na maisha ya kijiji. Baraza la Mitihani likaundwa 1973, na chombo cha kukuza mitaala, ambacho leo ni Taasisi ya Elimu Tanzania, kikaanzishwa kwa sheria ya 1975.

Tangu hapo somo limehama sana. Miaka ya 1990 Historia, Jiografia na Uraia viliunganishwa shule za msingi kuwa Maarifa ya Jamii. Mtaala wa 2005 ukavitenganisha. Miaka kumi hivi baadaye Maarifa ya Jamii yakarudi, yakiwa na Uraia na Maadili pembeni. Mwalimu aliyeajiriwa katikati ya miaka ya 1990 amepitia yote hayo, na kila badiliko lilikuja na vitabu vyake.

Katika mabadiliko yote hayo, jambo moja halijapata suluhisho: historia ya mahali. Kitabu cha kiada ni kimoja nchi nzima, na hakiwezi kueleza kwa kina kila utemi uliokuwapo. Hasara yake huonekana Nassa, kwa sababu mada nyingi za muhtasari zina mfano wake papo hapo.

Chukua mada ya utawala wa jadi. Nassa ilikuwa na mtemi wake, kama Ntuzu, ilipo Bariadi, ilivyokuwa na wake. Mtemi wa Kisukuma hakujitawalia peke yake: baraza la bananghoma ndilo lililomchagua na kumshauri, na zamani utemi ulipita kwa watoto wa dada, si wa mtemi mwenyewe. Chini yake, kijijini, alikuwapo nsumba ntale, kiongozi wa vijana. Yeye ndiye aliyewakusanya alfajiri na majembe, wakaenda kulima shamba la mwenzao kwa ngoma, na jioni mwenye shamba akawalisha. Mwanafunzi anayekariri maana ya "ushirikiano" angeuelewa upesi zaidi kupitia kiongozi huyo.

Pamba nayo inabeba nusu ya historia ya karne ya 20 ya Usukumani. Ilileta fedha na viwanda vya kuchambulia, na dhuluma ya mizani ya wanunuzi ikawasukuma wakulima kujiunga. Miaka ya 1950 vyama vyao viliungana chini ya uongozi wa Paul Bomani na kuwa ushirika wa VFCU, uliokuja kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi Afrika. Hiyo ni historia ya uhuru iliyoandikwa shambani, na ilistahili vipindi vingi zaidi darasani.

Mabadiliko ya baada ya uhuru nayo yaliigusa Nassa. Mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Miaka kumi hivi baadaye, operesheni ya vijiji ilihamisha familia kutoka kwenye makazi yao ya zamani. Machi 2012 ulitangazwa Mkoa wa Simiyu, makao yake makuu Bariadi, na Nassa, iliyokuwa Magu mkoani Mwanza, ikaingia Wilaya mpya ya Busega.

Yote hayo yanaweza kufundishwa bila kusubiri kitabu kipya. Wanafunzi waende kwa wazee na maswali yaliyoandaliwa, waandike majina na miaka, walinganishe simulizi mbili za tukio moja, kisha shule itunze daftari hilo. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa operesheni ya vijiji ya 1974 sasa amepita 70, na aliyemwona mtemi akiamua kesi ni mzee zaidi. Walimu wa Busega na Bariadi waanze kuwaandika wazee hao muhula huu.