Rimiksi si Wizi, Lakini Ndiva Ina Zamu

Wahakiki wetu wengi wakisikia neno rimiksi hukunja uso. Eti hiyo ni kazi ya mvivu: kachukua wimbo wa mwenzake, kaufumua, kaushona upya kwenye kompyuta, kisha kabandika jina lake juu. Wanaosema hivyo mara nyingi huwa wanailenga singeli, muziki wa uswahilini Dar es Salaam ambao siku hizi hata stendi ya Same unasikika, kwenye bodaboda zinazosubiri abiria wa milimani. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba shutuma hiyo haina mashiko katika historia. Hata hivyo, nitadai pia kwamba sisi tunaoitetea singeli tunalikwepa swali moja zito, na kwamba swali hilo Wapare walilijibu zamani, tena si kwa muziki bali kwa maji.

Tuanze na singeli yenyewe. Ilichipuka katika miaka ya 2000, kwenye mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Ilirithi mchiriku, muziki wa vijana wa kinanda kidogo cha Casio, ngoma na spika zilizochakaa, ambao nao ulirithi ngoma za Wazaramo. Katika vigodoro, yaani zile sherehe za kukesha mtaani, madijei walichukua kipande cha ala za taarabu, sekunde chache tu, wakakirudiarudia na kukiongezea kasi, huku mshika kipaza sauti akighani juu yake. Midundo 200 hadi 300 kwa dakika, si mchezo! Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na Wazungu nao wakaanza kuicheza.

Sasa tuwaulize wanaolia wizi: hiyo taarabu iliyokatwa vipande, je, ilishuka kutoka mbinguni? Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba kwa Kiswahili muziki ambao Unguja iliupokea kutoka Misri na Uarabuni. Huko Mombasa, Juma Bhalo alipata sifa kwa kuyavika maneno ya Kiswahili tuni za filamu za Kihindi, na leo tunamtaja kwa heshima. Mwaka 1991 Saleh Jabir alighani Kiswahili juu ya mdundo wa “Ice Ice Baby” wa Vanilla Ice. Nao mdundo huo ulikuwa umechotwa kwenye “Under Pressure”, wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981. Ukifuata kamba hii hadi mwisho, bwana, hutamkuta ng'ombe. Utakuta kamba nyingine.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Mafundi wa Kingston, Jamaika, walianza kufumua nyimbo za reggae mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1999, huko Tijuana, Meksiko, vijana wa Nortec Collective walichukua mabaki ya rekodi za bendi za matarumbeta na akodioni, muziki uliodharauliwa na wasomi wa mjini, wakautia kwenye kompyuta ukawa muziki wa dansi. Albamu yao, The Tijuana Sessions Vol. 1, ilitoka mwaka 2001. Tofauti ya Tijuana na Mburahati ni ya malighafi tu, ufundi ni ule ule.

Sisi watu wa fasihi simulizi tusingepaswa kushangaa. Profesa Isaria Kimambo alipoandika historia ya kisiasa ya Wapare, iliyochapishwa mwaka 1969, alitegemea sana masimulizi ya koo. Habari za Washana wahunzi na Wasuya waliowapindua huko Ugweno hazisimuliwi kwa namna moja. Mwanahistoria hatupi simulizi kwa sababu si ya kwanza. Huuliza: nani anasimulia, kapokea kwa nani, na kabadili nini kwa faida ya nani? Maswali hayo matatu ndiyo ningependa tuyapeleke kwenye rimiksi.

Hapo ndipo panapouma. Mpiga fidla wa taarabu ambaye sekunde zake nne zimekesha kwenye kigodoro hatajwi popote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, lakini mtaani mambo hayaendi kwa sheria. Tukisema tu kwamba muziki ni wa wote, tunampa ruhusa mwenye mashine kubwa kuchota kwa mwenye mashine ndogo. Leo dijei wa Mburahati anachota taarabu. Kesho mwenye studio ya ng'ambo atamchota yeye, na keshokutwa nyimbo za Chasu za akina mama wa Mbaga.

Turudi basi Upare. Ndiva ni bwawa la kuhifadhia maji ya mfereji. Maji ya kijito huingia usiku, asubuhi mlango hufunguliwa, na kila shamba lina zamu yake. Hakuna aliyeyaumba maji hayo, kwa hiyo hakuna anayeitwa mwizi kwa kuyatumia. Lakini ukitaka zamu, sharti uonekane kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji, na usipoonekana unatozwa faini. Kitu kuwa cha wote hakuna maana kwamba hakina utaratibu.

Na Wapare wanajua pia yanayotokea utaratibu ukivunjwa na mkubwa. Katika miaka ya 1940 utawala wa kikoloni pamoja na machifu walichukua jina la mbiru, ushuru wa jadi, wakalibandika kwenye kodi mpya iliyokadiriwa kwa mali ya mtu. Mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kuipinga. Baadaye wanawake nao wakaingia katika mapambano, na hatimaye kodi ile ikaachwa. Mimi naisoma mbiru kama rimiksi ya watawala: cha zamani kilichotwa bila wenyewe kukubali, kikarudishwa juu ya migongo yao.

Kwa hiyo, jamani, tuache kuihukumu singeli kwa kipimo cha uasili, kwani kwa kipimo hicho hata Juma Bhalo haponi. Mhakiki wa rimiksi achambue fani na maudhui kama kawaida, kisha aulize: kilichoongezwa ni nini, aliyechotwa katajwa, na je, kapata chochote? Dijei anayemtaja mpiga fidla wake amekwenda msaragamboni. Asiyemtaja anafungulia maji usiku, wakati wenye zamu wamelala.