Mkono Anaoupenda Mtoto

Leo tunazungumza juu ya mkono ambao mtoto hupendelea kuutumia.

Jambo hili ni la kale. Jirani yetu hapa Oltepesi, kando ya barabara ya Magadi, ni Olorgesailie. Mwaka wa 1942 Mary na Louis Leakey walikuta huko mashoka mengi ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale. Mwaka wa 1985 mtaalamu Nicholas Toth alieleza kuwa mawe ya Koobi Fora, Turkana, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja, yanaonyesha wachongaji wengi walitumia mkono wa kulia. Leo, katika watu 10, mmoja hivi ni mashoto.

Mashoto wamepata taabu. Hata jina "mkono wa kulia" maana yake ni mkono wa kulia chakula. Nikiwa shule ya msingi, mwenzangu wa dawati alichapwa vidole kwa kuandika na kushoto, hadi akachukia daftari. Serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka wa 2001, lakini nyumbani wengine bado humfunga mtoto mkono. Tusifanye hivyo. Wamaasai wenyewe wana tohara ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto, na zote mbili huungana kuwa rika moja.

Sasa sikilizeni vizuri. Miezi ya kwanza mtoto hutumia mikono yote miwili. Mkono anaoupenda hujitokeza polepole, na kwa wengi huonekana wazi kati ya miaka 2 na 4. Akichagua kushoto, si ugonjwa wala laana.

Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja akitumia mkono mmoja tu, na ule mwingine umekunja ngumi au umelegea, usiseme "huyu ni mashoto" ukangoja. Huenda upande huo ni dhaifu, pengine kwa sababu ubongo au mishipa ya fahamu ya bega iliumia wakati wa kuzaliwa. Mwekee kijiko upande wa kulia, kisha wa kushoto, uone anavyokifikia. Ukiwa na shaka, mpeleke kliniki pamoja na kijitabu chake. Mazoezi yakianza mapema humsaidia sana.