Nani alimfundisha msemaji? Historia ya kujitolea katika kazi ya uhusiano na umma mjini Likasi

Katika ofisi nyingi za Likasi, za serikali, za mashirika na za kampani za madini, utamkuta kijana aliyemaliza masomo ya mawasiliano lakini hana mshahara. Anaandika komunike, anawaita waandishi wa habari, anapiga picha za mkubwa na kuzituma kwenye WhatsApp. Ukimwuliza kazi yake, anajibu kwamba yuko staji. Ukimwuliza staji itaisha lini, anacheka.

Kazi yenyewe inaitwa uhusiano na umma. Ni kuisemea nyumba fulani mbele ya watu, na pia, jambo ambalo wengi wanalisahau, ni kuwarudishia wakubwa wa nyumba hiyo yale ambayo watu wanasema. Kazi hii haifundishwi shuleni peke yake. Kijana anasimama karibu na mkubwa wa kazi, anamtazama, anamwiga, na mara nyingi anafanya hivyo bure. Kwa hiyo swali la nani alimfundisha lina uzito. Likasi inalijua swali hilo vizuri, maana iliwahi kulilipia.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka huohuo kule Marekani, mwandishi wa habari wa zamani aliyeitwa Ivy Lee alitangaza kanuni zake za kazi wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe. Alisema kampani ipashe magazeti habari waziwazi, bila kuficha. Miaka 8 baadaye, mwaka 1914, askari walishambulia kambi ya wagomaji huko Ludlow, jimbo la Colorado, na wanawake na watoto wakafa. Familia ya Rockefeller, iliyokuwa na mali katika mgodi huo, ikamwita Lee aisemee. Baadhi ya taarifa alizotoa wakati huo zilikuwa na uongo ndani yake. Ndivyo kazi hii ilivyozaliwa kando ya mgodi, baada ya risasi.

Likasi, iliyoitwa Jadotville kabla ya mwaka 1966, ilipita njia inayofanana na hiyo. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita vya dunia, wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapa na kule Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Maisha yalikuwa ghali na mishahara haikutosha. Askari walipiga risasi katika miji yote miwili. Kule Elisabethville mauaji yalitokea tarehe 9 Desemba kwenye uwanja wa mpira, mahali ambapo watu walikusanyika kungoja jibu. Mwaka 1946 yakaanzishwa mabaraza ambamo wajumbe wa wafanyakazi Waafrika waliweza kukaa na wakubwa wa kampani na kueleza shida za kambi. Wajumbe hao hawakuitwa watu wa uhusiano na umma, lakini nusu ya kazi hiyo, ile ya kupeleka neno kutoka chini kwenda juu, waliifanya wao.

Nusu ya pili ilikuja mwaka 1957, kampani ilipoanzisha gazeti lake la wafanyakazi, Mwana Shaba. Lilizungumzia kazi, michezo, nyumba, shule za kampani na maisha ya kambi. Gazeti liliendelea hata baada ya kampani kutaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines, na familia nyingi za Panda na Shituru zililea watoto wao na karatasi hiyo nyumbani. Ni kweli lilisema yale ambayo kampani ilitaka yasemwe. Lakini aliyeliandika alikuwa na mshahara, nyumba, posho na hospitali. Kijana aliyepewa nafasi humo alijifunza bila kulala njaa.

Wale ambao hawakupewa gazeti walijiandikia wenyewe. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa maboyi wa Wazungu kule Elisabethville kilitoa kitabu kidogo cha historia ya mji huo kwa Kiswahili, kikiwa kimeandikwa na André Yav. Hakuna ofisi iliyowatuma. Walitaka tu watu wajue nani alijenga mji. Kama kuna kazi ya kujitolea katika mawasiliano ya Katanga inayostahili kukumbukwa, ni hiyo, na inashangaza jinsi wanafunzi wa leo wanavyoisikia mara chache.

Chini ya Mobutu, neno kujitolea lilianza kuoza. Salongo ilikuwa kazi ya pamoja, kwa jina ni ya hiari, lakini asiyefika alijua kitakachompata. Wafanyakazi na wanafunzi walicheza na kuimba sifa za chama, MPR, kwenye yale yaliyoitwa animasyo. Kinshasa alikuwako Sakombi Inongo, fundi mkuu wa sura ya rais. Kila jioni kabla ya habari za televisheni, watazamaji walimwona Mobutu akishuka kutoka mawinguni. Kizazi kizima cha wasemaji kilijifunza hapo kwamba kusemea ni kusifu. Mwaka 1973 taasisi ya habari ya ISTI ilifunguliwa Kinshasa na ilitoa waandishi wengi wazuri, lakini mwanafunzi aliyemaliza alikuta kazini wakubwa waliofundishwa na mawingu yale.

Halafu nyumba yenyewe ikaanguka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450 000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1993 ilitoa chini ya tani 60 000. Mishahara ilichelewa, kisha ikakosa kabisa. Vijana wa kambi hawakuwa na kazi, na shule nyingi zilikuwa zikifungwa kwa migomo. Walikuwa na muda mwingi, na walikuwa tayari kumfuata yeyote ambaye angewapa la kufanya.

Aliyewapa la kufanya alikuwa chama. UFERI ya Nguza Karl-i-Bond ilikuwa na tawi lake la vijana, JUFERI. Vijana hao hawakuwa na mshahara wa kazi. Walijitolea. Walikuwa na walezi pia: waliwafuata wakubwa kwenye mikutano, wakasikiliza jinsi neno linavyotupwa mbele ya watu, wakalirudia barabarani na sokoni. Gavana wa Shaba, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alizungumza katika mikutano ile kuhusu Wakasai, na neno lililobaki katika masikio ya watu ni moja: bilulu, wadudu. Ukiitazama kwa jicho la kazi ya mawasiliano, hakuna kilichokosekana: ujumbe mfupi, lugha ya watu, wajumbe wengi wa bure, na marudio kila siku. Ufundi ulikuwako wote, na ndiyo maana ulitisha.

Tarehe 15 Agosti 1992, mkutano mkuu wa taifa Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza. Siku zilizofuata, mashambulio dhidi ya Wakasai wa Likasi yalianza. Watu waliozaliwa hapa, ambao baba zao waliletwa na Union Minière kufanya kazi tangu miaka ya 1920, walifukuzwa nyumbani. Makumi ya maelfu walikimbilia stesheni ya treni na mashuleni, wakangoja miezi mingi treni ya kuwapeleka Kasai. Mwaka 1993 Kolwezi nayo ikafuata. Wengine walikufa wakingoja, wengine walifia njiani ndani ya mabehewa, na wengi wao walikuwa watoto. Familia zinazosoma haya kutoka Mwene-Ditu au Mbuji-Mayi hazihitaji kusimuliwa zaidi.

Lakini kuna upande ambao unasimuliwa kidogo. Pale walipongojea watu wale, makanisa, Msalaba Mwekundu na mashirika kama MSF yalifanya kazi. Yeyote aliyewahi kuishi kambini anajua kwamba dawa na unga peke yake havitoshi. Lazima mtu apite kusema chanjo ni lini, nani aje kwanza, maji ya wapi yasinywewe. Lazima orodha isomwe kwa sauti na majina yatamkwe vizuri, maana jina lililotamkwa vibaya ni mtoto aliyekosa chakula. Lazima uvumi ujibiwe kabla haujawakimbiza watu usiku. Hiyo ni kazi ya uhusiano na umma kama ile ya ofisini, ingawa hakuna aliyevaa tai, na kila kambini inawaangukia hasa vijana wa kujitolea. Msalaba Mwekundu uliweka huduma ya kujitolea kati ya kanuni zake 7 huko Vienna mwaka 1965, pamoja na ile ya kutobagua. Mwaka huohuo chama cha kimataifa cha watu wa uhusiano na umma, IPRA, kilipitisha kanuni zake huko Athens, kikizijenga juu ya Tangazo la Haki za Binadamu. Karatasi hizo mbili zingetosha kumfundisha kijana wa JUFERI kwamba neno bilulu halina nafasi katika kazi hii. Kilichokosekana ni mkubwa wa kumwonyesha.

Baada ya vita, nafasi zilibadilika. Tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ilianza kutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, na vijana wengi nchini walijifunza kutoka kwake kwamba habari husikilizwa pande zote kabla ya kusomwa. Redio za jumuiya nazo zilifunguliwa, na hadi leo nyingi zinategemea vijana wasiolipwa. Na mwaka 2003 Gécamines iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10 000 kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, ukaitwa kuondoka kwa hiari. Waulizeni wazee wa Panda kuhusu hiari hiyo.

Basi kijana wa leo anayesikia neno kujitolea analisikia likiwa na makovu yote hayo. Pengine mkubwa wake ni mtu mzuri. Anamsomea komunike mara tatu, anamfuta maneno ya sifa, anamtuma kwenda kuwauliza wale watakaoisikia kama wameielewa. Lakini jioni kijana huyo anahitaji nauli. Hapo ndipo inapoingia ile pesa inayoitwa coupage, bahasha anayopewa mwandishi baada ya mkutano na waandishi. Mara nyingi kijana wa staji ndiye anayezigawa bahasha hizo, na ni somo la kwanza ambalo hakuna chuo kinalolifundisha. Akishazoea kununua habari, hawezi tena kusadiki kwamba habari nzuri inaweza kujibeba yenyewe.

Kenya wana chama cha watu wa kazi hii, PRSK, tangu mwaka 1971, na mwaka 1975 muungano wa vyama vya Afrika uliundwa Nairobi. Chama hakiondoi njaa, lakini kinampa kijana mkubwa wa kazi ambaye si bosi wake, mtu wa kumwendea siku bosi anapomwamuru aandike uongo. Kijana wa Likasi siku hiyo ana bosi tu.

Kwa familia zilizohama makwao, jambo hili si la maofisini. Ofisi inapotangaza siku ya kuandikisha watu, au shule ambayo watoto watapokelewa, aliyeandika tangazo hilo mara nyingi ni yeye, yule wa staji. Akiandika kwa Kifaransa kigumu kumfurahisha mkubwa, mama mmoja atafika siku isiyo yake. Akienda kwanza kuuliza, ataandika mahali, saa, karatasi gani ichukuliwe, na kwamba hakuna malipo. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo wajanja wanalolitumia mlangoni.

Barua ya staji kwa kawaida ina jina la kijana, jina la ofisi, tarehe ya kuanza na muhuri. Jina la mkubwa atakayemfundisha halimo, wala tarehe ya mwisho.