Kamina: wa hapa ni nani?

Watu wanapogombania kiwanja au kazi, neno moja linatoka upesi: «Huyu si wa hapa.» Basi leo tuulize majengo ya Kamina: wa hapa ni nani?

Udongo huu ni wa Baluba tangu zamani, na utawala wa Kasongo Nyembo ulikuwako mbele ya Wabeleji. Jambo hilo tuliheshimu. Lakini muji umekuzwa na reli. Reli kutoka Elisabethville ilifika Bukama mwaka 1918. Kampuni ya BCK ikaiendeleza, kilometa zaidi ya 1.100, mpaka Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Kazi iliisha mwaka 1928. Mwaka 1956 njia ya Kabalo nayo ikafunguliwa, na gare yetu ikawa njia panda: Lubumbashi, Kasai na Tanganyika. Wafanyakazi wa reli walitoka pande nyingi, wengi Kasai. Walizaa hapa, wakazika wazee wao hapa.

Tazama pia kambi kubwa ya askari na kiwanja chake cha ndege. Wabeleji waliijenga kisha vita vya pili vya dunia. Mwaka 1960 askari wa ONU walikaa humo. Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubeljiji walitoka humo kwenda Stanleyville. Jengo hilo lilijua bunduki. Gare ilijua machozi: mwaka 1992 na 1993, fitina ya siasa ilifukuza watu wenye asili ya Kasai kule Likasi na Kolwezi. Wengi walizaliwa Katanga, Kasai hawakuijua. Treni zao zilipita hapa. Reli iliyoleta wazee ndiyo iliyoondoa watoto.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea na kuchagua mahali pa kukaa. Kuheshimu mwenye udongo ni wajibu; kumfukuza jirani ni kosa.

Tangu 2015 Kamina ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, na wageni wanazidi kutafuta kazi na viwanja. Kwa hiyo, ukigombana na jirani juu ya mpaka, leta karatasi, ita mashahidi, nenda kwa shefu wa kartie, kisha tribinali. Usiulize kabila lake. Na mtu akikuambia «huyu si wa hapa», umuulize: gare ile ilijengwa na nani?

Amani ikae nyumbani kwenu.